Walter Plowright na mwisho wa sotoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapozungumza na vijana wanaosomea udaktari wa mifugo, na mara nyingine na wafugaji wenyewe, jina la Walter Plowright huzua maswali yale yale. Wapo walioijua chanjo ya sotoka, ugonjwa uliowahi kufagia ng'ombe, bila kumjua mtu aliyeitengeneza. Wapo waliolisikia jina wakadhani kazi yake aliifanyia Ulaya. Aliifanyia hapa kwetu, Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Maswali ninayoyasikia zaidi ni haya.

Plowright alikuwa nani?

Alikuwa daktari wa mifugo na mtafiti wa virusi. Alizaliwa tarehe 20 Julai 1923 katika mji mdogo wa Holbeach, Lincolnshire, Uingereza, na akahitimu Royal Veterinary College ya London mwaka 1944. Alijiunga na kikosi cha mifugo cha jeshi la Uingereza, na jeshi ndilo lililomleta Kenya kwa mara ya kwanza. Aliporudi tena mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi Kabete, akapelekwa Vom huko Nigeria, kisha mwaka 1956 akaja Muguga, kwenye shirika la utafiti wa mifugo lililozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Alikaa hapo hadi 1971. Baadaye akawa profesa London, halafu mkuu wa idara ya vijidudu katika taasisi ya Compton hadi alipostaafu mwaka 1983. Alifariki Februari 2010.

Miaka kumi na mitano ya Muguga ndiyo iliyozaa karibu kila kitu tunachomkumbukia.

Sotoka ni ugonjwa gani? Mimi sijawahi kuuona.

Hujauona kwa sababu ulikwisha, na wala si vibaya kusahau sura yake, ila ni vizuri kujua ulivyokuwa. Ng'ombe alianza na homa kali. Machozi na makamasi yakamtoka, midomo na ufizi vikachubuka vidonda, halafu akaanza kuhara mfululizo hadi maji yakamwishia mwilini. Wengi walikufa ndani ya wiki moja au mbili tangu dalili zianze. Virusi vyake ni jamii moja na virusi vya surua ya binadamu, na ukimfikiria mtoto mwenye surua kali, macho mekundu na kamasi, utaona undugu huo bila kuhitaji darubini.

Barani Ulaya sotoka iliua ng'ombe kwa karne nyingi. Chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo, kile cha Lyon, Ufaransa, kilianzishwa mwaka 1761 kwa sehemu kubwa kwa ajili ya kupambana nayo. Hata shirika la kimataifa la afya ya wanyama lilizaliwa mwaka 1924 baada ya sotoka kuingia Ubelgiji mwaka 1920 kupitia bandari ya Antwerp, ikiletwa na ng'ombe waliotoka India wakielekea Brazili.

Barani Afrika sotoka iliingia kupitia pwani ya Eritrea mwaka 1887. Katika muda wa miaka kumi ilikuwa imeteremka hadi ncha ya kusini ya bara. Mahali pengi iliua ng'ombe wanane au tisa katika kila kumi. Ethiopia ilifuatwa na njaa ambayo inakadiriwa iliondoka na theluthi ya watu. Wamaasai wanakiita kipindi kile Emutai, yaani kufutiliwa mbali. Mfugaji asiye na ng'ombe hana maziwa, hana mahari, hana cha kubadilishana na nafaka. Ninapowasikia watu wakisema "ugonjwa wa ng'ombe tu", huwa nawarudisha kwenye miaka hiyo.

Kabla yake hakukuwa na chanjo?

Zilikuwepo. J. T. Edwards, akiwa India katika miaka ya 1920, alivipitisha virusi ndani ya mbuzi mmoja hadi mwingine mpaka vikapungua ukali kwa ng'ombe. Junji Nakamura alifanya vivyo hivyo kwa sungura katika miaka ya 1930. Kabete nako kulikuwa na chanjo ya mbuzi. Ziliokoa mifugo mingi sana, na sipendi namna zinavyosahauliwa.

Tatizo ni kwamba chanjo ya mbuzi ilikuwa bado kali. Baadhi ya aina za ng'ombe, hasa wale wa kigeni wa maziwa, waliugua kwayo, na wengine walikufa. Mfugaji aliyempoteza ng'ombe kwa sindano hamleti mwingine. Tena ili kupata dozi ilibidi kuwe na mbuzi au sungura hai walioambukizwa na kuchinjwa, na wanyama hao wanaweza kubeba vimelea vingine usivyovijua.

Basi yeye alifanya nini kipya?

Aliwaondoa wanyama hai katika utengenezaji. Mwaka 1949 John Enders na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba virusi vya polio vinaweza kukuzwa kwenye seli zilizomo ndani ya chupa, na miaka michache baadaye Enders akavikuza hivyo hivyo virusi vya surua. Plowright aliona mlango umefunguka. Kama surua inakua kwenye seli, ndugu yake sotoka nayo itakua.

Yeye na R. D. Ferris walichukua seli za figo za ndama, wakazioteza kwenye kioo, wakaziambukiza virusi vya aina iitwayo Kabete O, ambavyo vilitoka kwa ng'ombe wa Kenya karibu mwaka 1910 na vilikuwa vikali sana. Virusi vikishazaana kwenye chupa ya kwanza, unachota kidogo unapandikiza kwenye chupa ya pili, halafu ya tatu, na kuendelea. Kila hatua ni siku kadhaa za kungoja, kutazama seli zinavyoharibika, kupima wingi wa virusi, na kuogopa uchafu usiingie, maana bakteria mmoja anaharibu kazi ya wiki nzima. Virusi vinavyozoea maisha ya chupani husahau polepole namna ya kumwangusha ng'ombe. Walipofika mzunguko wa 90 hivi, ng'ombe aliyechomwa hakuugua, lakini mwili wake ulijifunza kumtambua adui.

Watu wengi husimulia hadi hapo tu. Kwangu sehemu ya thamani zaidi ni iliyofuata, ya kuuliza maswali ambayo jibu lake linaweza kukuvunja moyo. Je, ukivichukua virusi vya chanjo ukavirudisha ndani ya ng'ombe mmoja baada ya mwingine, ukali unarudi? Haukurudi. Je, ng'ombe aliyechanjwa anamwambukiza aliyesimama naye zizini? Hamwambukizi. Je, ng'ombe mwenye mimba anaharibu? Haharibu. Kinga inadumu muda gani? Waliwaweka ng'ombe miaka, wakawajaribu kwa virusi vikali, na kinga ikawa bado ipo. Dozi moja ilitosha kwa maisha yote ya mnyama. Karatasi iliyoeleza matumizi ya chanjo hiyo ilitoka mwaka 1962.

Kulikuwa na jambo moja lililowasumbua, nalo ni ndama. Ndama wa mama mwenye kinga hunyonya kingamwili, yaani chembe za damu zinazopambana na virusi, ndani ya dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na kingamwili hizo huviua virusi vya chanjo kabla havijafundisha mwili wa ndama chochote. Ukimchanja mapema, umepoteza dozi na unadhani umemlinda. Plowright alilifuatilia suala hili kwa makini, na ndiyo sababu kampeni zilirudi kila mwaka kuwachanja ndama wa mwaka uliopita.

Kama chanjo ilikuwa tayari 1962, kwa nini sotoka ilitangazwa kutokomezwa 2011?

Kwa sababu chanjo iliyo ndani ya jokofu haimlindi ng'ombe aliye malishoni.

Kampeni kubwa ya kwanza ya Afrika, iliyojulikana kama JP15, ilianza 1962 na kuendelea hadi 1976 katika nchi 22. Ilikaribia sana kumaliza kazi. Kisha serikali zikaona ugonjwa hauonekani, fedha zikahamia kwingine, uchanjaji ukalegea, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikafumuka tena kutoka kwenye maeneo machache ilikobaki. Nadhani hili ndilo kosa chungu kuliko yote katika historia hii. Mamia ya maelfu ya ng'ombe walikufa kwa ugonjwa ambao chanjo yake ilikuwepo.

Awamu ya pili ilikuwa na subira zaidi. Kampeni ya Afrika nzima ilianza 1986, na mpango wa dunia chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ukafuata mwaka 1994. Chanjo ya Plowright ilihitaji mnyororo baridi, yaani kukaa kwenye baridi safari nzima hadi kwa ng'ombe, na ikishachanganywa na maji ilibidi itumike ndani ya saa chache. Sasa mpeleke mchanjaji kwa miguu siku nne kaskazini mwa Kenya au Sudan Kusini, jua kali, na kasha la barafu ambalo barafu yake imeyeyuka tangu juzi. Jeffrey Mariner, Mmarekani, aliichukua aina ile ile ya virusi vya Plowright, akaikuza kwenye aina nyingine ya seli na kuboresha namna ya kuikausha, hata ikaweza kukaa takriban mwezi mmoja bila jokofu. Hapo wafugaji wenyewe, waliochaguliwa na jamii zao na kufundishwa, wakaanza kuchanja mahali ambapo gari la serikali halikufika.

Mgonjwa wa mwisho anayejulikana alikuwa nyati, katika Hifadhi ya Taifa ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Baada ya hapo kulikuwa na kazi ya kuthibitisha. Ng'ombe aliyechanjwa na aliyeugua akapona wana kingamwili zinazofanana, kwa hiyo nchi ililazimika kuacha kuchanja kabisa, kungoja kizazi kipya kizaliwe, kisha kupima damu na kuonyesha kwamba kizazi hicho hakijakutana na virusi. Kuacha kuchanja kunahitaji ujasiri kuliko kuchanja. Tangazo la FAO lilitoka Juni 2011. Plowright alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla.

Nilisikia wanyamapori ndio waliokuwa ghala la ugonjwa. Ni kweli?

Ndivyo walivyoamini wengi, na baadhi walipendekeza wanyamapori wapunguzwe kwa risasi. Damu ya nyumbu ilisema vingine.

Katika Serengeti nyumbu wachanga walikuwa wakifa kila mwaka kwa ugonjwa uliowashambulia wakikaribia umri wa mwaka mmoja, wakati kinga ya mama ilipoisha. Ilikuwa sotoka. Plowright na wenzake walikusanya damu ya wanyamapori kaskazini mwa Tanganyika na kusini mwa Kenya na kupima kingamwili. Ng'ombe wa kandokando ya mbuga walipochanjwa, maambukizi ya nyumbu yalikatika. Waliozaliwa kuanzia 1963 hawakuwa na alama ya ugonjwa katika damu yao. Kumbe nyumbu ndiye aliyekuwa akiambukizwa na ng'ombe, na asingeweza kuushikilia ugonjwa peke yake muda mrefu.

Matokeo yake yako mbele ya macho ya kila anayetembelea Serengeti leo. Nyumbu walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia 1977 walizidi milioni moja na robo. Msafara ule mkubwa unaovuka Mto Mara ulirudishiwa ukubwa wake na sindano waliyochomwa ng'ombe.

Kisayansi, hapa ndipo penye ufunguo wa kwa nini sotoka iliweza kufa kabisa. Virusi vyake vyote ni vya aina moja mbele ya kinga ya mwili, kwa hiyo chanjo moja inatosha dunia nzima. Ng'ombe aliyepona habaki na virusi. Na porini haina maficho ya kudumu. Kila daktari wa magonjwa ya kuambukiza anapaswa kuuliza kuhusu ugonjwa wake: unapokuwa hauonekani, uko wapi?

Alitafiti magonjwa mengine?

Ndiyo, na kwa maoni yangu swali hilo la maficho ndilo lililoiunganisha kazi yake yote.

Wafugaji wa Kimaasai walijua tangu zamani kwamba ng'ombe wakilisha mahali nyumbu wanapozalia, wanapata ugonjwa wa homa, macho kuwa meupe na kifo, ambao kwa Kiingereza huitwa malignant catarrhal fever. Waliyahama malisho mazuri kabisa ya nyanda za majani mafupi ili kuuepuka. Mwaka 1960 Plowright, Ferris na Gordon Scott walionyesha kwamba nyumbu kweli anabeba virusi vyake, ambavyo ni vya jamii ya hapesi, bila kuugua. Ndama wa nyumbu ndio wanaovitoa kwa wingi, katika miezi yao michache ya kwanza, kwa njia ya kamasi na machozi. Wafugaji wengi walilaumu kondo la nyuma. Msimu waliutaja sawasawa, mahali pia, ila chanzo kilikuwa pua ya ndama. Mimi huutumia mfano huu kuwaambia wanafunzi wangu wamsikilize mfugaji kwanza, kisha wapime.

Utafiti huo ulimpatia shahada ya udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 1964. Chanjo haikupatikana. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kujaribu virusi vilivyouawa, wakaandika wazi kwamba ng'ombe hawakulindwa. Karatasi ya namna hiyo haimletei mtu tuzo, lakini inamwokolea mwenzako miaka mitano ya kupita njia iliyofungwa.

Kisha kuna homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kwa mara ya kwanza Kenya na Eustace Montgomery mwaka 1921, na ilijulikana kwamba ngiri wanahusika. Lakini ngiri hamwambukizi nguruwe kwa urahisi kwa kukaa naye. Kuna nani katikati? Plowright na wenzake waliingia kwenye mashimo ya ngiri huko Tanzania, wakachimbua papasi, na mwaka 1969 wakatangaza kuwa wamevikuta virusi ndani yao. Baadaye walionyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake kupitia mayai, na dume humwambukiza jike wakati wa kupandana. Maana yake ni kwamba virusi vinaweza kuishi shimoni miaka bila kumhitaji nguruwe hata mmoja. Linganisha na sotoka, utaelewa kwa nini homa ya nguruwe bado inatutesa, na kwa nini ilipofika China mwaka 2018 iliangamiza mamilioni ya nguruwe.

Alitambuliwa?

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1981, na mwaka 1999 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani, ambayo iliandamana na dola 250,000.

Alifanya peke yake?

Hapana. Karatasi ya 1962 ina majina mawili, lakini maabara haiendeshwi na watu wawili. Kuna waliolisha na kufunga ng'ombe wa majaribio, walioosha vioo hadi visibaki na tone la sabuni linaloua seli, waliochukua joto la mnyama alfajiri na jioni kila siku. Wengi walikuwa Waafrika na hawakuandikwa kama watunzi. Kisha kuna wachanjaji na wafugaji waliokusanya ng'ombe alfajiri kwenye maelfu ya vituo. Kumsifu Plowright hakunizuii kuwataja hao. Naona ni deni.

Virusi vya sotoka vimekwisha kabisa?

Katika wanyama, ndiyo. Katika majokofu, bado. Maabara chache zilizoidhinishwa zinavihifadhi, na nchi zimeombwa kuviharibu au kuvihamishia huko. Taasisi ya Pirbright, Uingereza, iliteketeza akiba yake kubwa mwaka 2019 baada ya kusoma na kuhifadhi ramani ya vinasaba. Kwangu huo ndio mwelekeo sahihi, kwa sababu ng'ombe wa leo hawana kinga yoyote.

Nataka kufuata njia kama yake. Nianzie wapi?

Anza na shahada ya udaktari wa mifugo. Sokoine Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, na Makerere zote zinaitoa. Halafu shahada ya uzamili katika virolojia, kinga ya mwili au epidemiolojia. Utafiti wa chanjo unafanyika katika taasisi kama ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo jijini Nairobi, na vituo vya serikali, Muguga ikiwemo. Utengenezaji unafanyika KEVEVAPI nchini Kenya na Kibaha nchini Tanzania, na ubora wa chanjo za bara hupimwa PANVAC, kituo cha chanjo za mifugo cha Umoja wa Afrika kilichoko Ethiopia.

Usikimbilie maabara. Kaa kwanza vijijini mwaka mmoja au miwili, uchanje, ufanye uchunguzi wa mizoga, ujue harufu ya ugonjwa na hasira ya mfugaji aliyeahidiwa chanjo isiyofika. Nilipoingia maabara nilikuwa nimefanya hivyo, na hadi leo kila ninapopanga jaribio najiuliza kama dozi hii itafika kule nilikotoka. Jifunze takwimu hata kama huzipendi. Na uzoee kurudia, kwa sababu mizunguko 90 ni mizunguko 90.

Kuna ugonjwa mwingine wa mifugo unaoweza kutokomezwa?

Unaofuata kwenye orodha ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Virusi vyake ni ndugu wa karibu wa sotoka ya ng'ombe, chanjo yake ni nzuri na dozi moja hulinda kwa miaka, na FAO pamoja na shirika la afya ya wanyama wameweka lengo la mwaka 2030. Ugumu wake ni mbuzi mwenyewe. Anazaa haraka, anauzwa haraka, anapakiwa kwenye pikipiki kwenda mnadani, na kundi lililochanjwa mwaka huu likifika mwakani nusu yake ni wageni. Thamani yake ndogo pia humfanya asipewe bajeti, ingawa kwa mama mwenye mbuzi watano hao ndio benki.

Ukiona mbuzi wengi kwa wakati mmoja wana homa, makamasi mazito, vidonda mdomoni na kuhara, wafungie mahali, usiwapeleke mnadani wala usiwachinje kugawa nyama, na umwite afisa mifugo siku hiyo hiyo ili achukue sampuli wakati virusi bado vipo kwenye kamasi.